Mbwa hufunzwa kwa upole, si kwa fimbo

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mwalimu wa kwanza wa mbwa ni fimbo. Mbwa akiingia jikoni hupigwa, akibweka usiku bila sababu hutupiwa jiwe, na akiitwa asipoitika hufuatwa na kuchapwa ili ajifunze utii.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanasema njia hiyo haimfunzi mbwa kile ambacho mwenye mbwa anakitarajia. Humfunza hofu, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa barani Afrika na Asia, na kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizo kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa mujibu wa shirika hilo, watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana. Ikiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani watachanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini mbwa asiyeshikika hachanjwi. Siku ya chanjo inapofika, wapo wanaowaacha mbwa wao nyumbani kwa sababu hawawezi kuwafunga kamba, sembuse kuwashikilia wakati daktari wa mifugo akiwadunga sindano.

Ndiyo maana namna ya kumfunza mbwa si suala la matajiri wanaofuga kwa starehe peke yao. Ni suala la afya ya jamii.

Chanzo cha elimu hii

Msingi wa mafunzo ya upole uliwekwa na wanasayansi ambao hawakuwa na nia ya kufunza mbwa wa nyumbani.

Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, aligundua kwamba mbwa hutokwa na mate hata kabla ya kuonja chakula, mradi tu asikie au aone kitu ambacho amezoea kukihusisha na chakula hicho.

Huko Marekani, Edward Thorndike aliwaweka paka ndani ya vizimba vyenye komeo na kuangalia jinsi walivyojifunza kutoka. Mwaka 1898 alieleza kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, na tendo lisiloleta faida huachwa. Baadaye mwanasaikolojia B. F. Skinner aliikuza hoja hiyo, na mwaka 1951 aliandika makala katika jarida la Scientific American akieleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kumfunza mnyama kwa kutumia mlio mfupi unaofuatwa na chakula.

Njia hiyo ilipata umaarufu kupitia wanyama wa baharini. Katika miaka ya 1960 Karen Pryor alikuwa akifunza pomboo huko Hawaii. Pomboo hawezi kufungwa mnyororo wala kuchapwa, kwani akiudhiwa huogelea na kwenda zake. Mwalimu hana budi kumvutia kwa samaki. Kitabu alichokitoa Pryor mwaka 1984 kiliwafanya wafunzaji wengi wa mbwa wajiulize: ikiwa mnyama mkubwa namna hiyo hufunzika bila kipigo, kwa nini mbwa apigwe?

Mbwa hujifunza vipi

Mbwa haelewi maelezo. Anachoelewa ni uhusiano wa mambo mawili yanayofuatana upesi: amefanya nini, na kilichotokea mara baada ya hapo ni nini.

Kwa hiyo wakati ni kila kitu. Tuzo ikitolewa ndani ya sekunde moja au mbili, mbwa huihusisha na tendo lake. Ikichelewa, huihusisha na jambo jingine alilokuwa akilifanya wakati huo. Hii ndiyo sababu wafunzaji wengi hutumia kidude kidogo cha mkononi kinachotoa mlio wa "tik", au neno moja fupi kama vile "ndiyo". Mlio huo humwambia mbwa kwamba alichokifanya hivi sasa ndicho kilichotakiwa, na kwamba chakula kinakuja.

Kanuni hiyo hiyo hueleza kwa nini adhabu nyingi hupotea bure. Tuseme mbwa ametoroka asubuhi, na mwenyewe anamwita kwa hasira. Mbwa anarudi, anafika miguuni, anapigwa. Mwenye mbwa anaamini kwamba ameadhibu utoro. Kwa upande wa mbwa, tendo la mwisho lililotangulia kipigo ni kurudi alipoitwa. Kesho akiitwa atasita, na keshokutwa hataonekana kabisa.

Vivyo hivyo kwa mbwa aliyekula mayai ya kuku mchana na kuadhibiwa jioni. Watu wengi husema mbwa huyo anajua kosa lake, kwa sababu hujikunyata na kukwepa macho. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilichunguza jambo hilo. Alibaini kwamba sura hiyo ya "hatia" hutokana na kukaripiwa, wala haitegemei kama mbwa alikosa au hakukosa. Anachokionyesha mbwa ni kuiogopa hasira iliyo mbele yake.

Hadithi ya mbwa mwitu mbabe

Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa ni ukoo wa mbwa mwitu, na kwamba mbwa mwitu huishi chini ya kiongozi mbabe anayewatiisha wengine kwa nguvu. Kwa hoja hiyo, binadamu naye hana budi kumlaza mbwa chali na kumkandamiza ili ajue nani bwana.

Dhana hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja, ukiwamo ule wa Rudolf Schenkel uliochapishwa mwaka 1947 kuhusu mbwa mwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama wasiojuana waliwekwa mahali pamoja bila ya pa kukimbilia, wakagombana.

Mtafiti wa Marekani David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilichangia kuieneza dhana hiyo, baadaye aliisahihisha mwenyewe. Baada ya kuwafuatilia kwa miaka mingi mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi, si kwa sababu wameshinda vita.

Utafiti unasema nini

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi kuhusu mikanda ya shingoni inayotoa shoti ya umeme. Mbwa waliofunzwa kwa mikanda hiyo walionyesha dalili zaidi za wasiwasi, na hakukuwa na ushahidi kwamba walijifunza vizuri kuliko wenzao waliofunzwa kwa tuzo.

Mwaka 2020 watafiti wa Ureno waliwachunguza mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Walipima katika mate yao homoni ya kotisoli, ambayo huongezeka mwili unapokuwa katika mfadhaiko. Mbwa waliotoka katika shule zinazotumia sana adhabu walikuwa na ongezeko kubwa zaidi la homoni hiyo baada ya mafunzo, na walionekana mara nyingi wakihema kwa nguvu, wakilamba midomo na kuinamisha mwili.

Watafiti hao walifanya pia jaribio la bakuli. Mbwa alifundishwa kwamba bakuli la upande mmoja lina chakula na la upande wa pili ni tupu. Kisha bakuli liliwekwa katikati, mahali pasipotoa uhakika. Mbwa waliozoea adhabu nyingi walilikaribia polepole zaidi, kama wanaotarajia kukosa.

Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa wanyama wanaoshughulikia tabia kilitoa msimamo kwamba mafunzo ya tuzo ndiyo yanayofaa kwa mbwa wote, hata wale wenye tabia ya kuuma. Wales ilikuwa imekwisha kupiga marufuku mikanda ya umeme tangu mwaka 2010.

Panya wa Morogoro

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kuona mfano wa elimu hii. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO, linaloshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi.

Panya hao hufunzwa kwa mlio wa "tik" na chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza, na alikufa mwezi Januari mwaka 2022.

Mbwa wa kunusa pembe za ndovu nao hufunzwa kwa namna inayofanana. Shirika la African Wildlife Foundation, ambalo mpango wake wa mbwa ulianza mwaka 2014, limekuwa likiwafunza mbwa na waongozaji wao karibu na Arusha. Mbwa akinusa pembe iliyofichwa katika mizigo hukaa kimya mbele yake, naye hupewa mpira wake acheze. Kwake yeye kazi yote hiyo ni kuutafuta mpira.

Hatua za mwanzo

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, umri ulio mwepesi zaidi kwa kuzoea mambo mapya ni kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14 tangu kuzaliwa. Mtoto wa mbwa anayekutana kwa utulivu na wageni, watoto, baiskeli, sauti ya redio na wanyama wengine katika wiki hizo huwa mtulivu ukubwani. Anayefungiwa bandani peke yake huogopa kila asichokijua. Hata hivyo mbwa mzima naye hufunzika, ingawa huhitaji subira zaidi.

Tuzo si lazima iwe ya gharama. Dagaa mkavu, kipande cha ini lililochemshwa au tonge dogo la ugali hutosha, na yote yanaweza kutolewa katika posho yake ya siku. Kipande kisizidi ukubwa wa punje ya harage. Chokoleti, vitunguu na zabibu vinaweza kumdhuru mbwa, kwa hiyo asipewe.

Somo la kwanza ni kukaa. Kipande cha chakula huwekwa karibu na pua ya mbwa, kisha hupandishwa taratibu juu ya kichwa chake kuelekea nyuma. Pua ikikifuata, kichwa huinuka na makalio hushuka. Makalio yakigusa chini tu, mwenye mbwa husema "ndiyo" na kumpa. Neno "kaa" huongezwa pale tendo lenyewe linapokuwa limekwisha kuzoeleka. Kumsukuma mgongoni hakuhitajiki.

Somo la pili ni kuja anapoitwa. Huanzia ndani ya ua, mbwa akiwa umbali wa hatua chache, na kila anapofika hupata kitu. Umbali huongezwa kidogo kidogo. Sharti lake ni moja: mbwa asiitwe kamwe ili aadhibiwe.

Somo la tatu ni kutembea na kamba. Mbwa akivuta, aliyeshika kamba husimama palepale. Kamba ikilegea, safari huendelea. Baada ya siku kadhaa mbwa hugundua kwamba kuvuta hakumfikishi popote.

Somo la nne husahaulika mara nyingi, nalo ndilo la maana zaidi kwa siku ya chanjo. Ni kushikwa. Sikio huguswa kidogo, tuzo hutolewa. Mguu huinuliwa, tuzo hutolewa. Ngozi ya bega hubanwa kidogo kwa vidole, kama sindano itakavyofanya, na tuzo hutolewa. Mbwa akijitoa, asing'ang'aniwe. Mwenye mbwa hurudi kwenye hatua iliyo nyepesi zaidi. Dakika tano mara mbili kwa siku hushinda saa nzima ya mara moja kwa wiki.

Watu wote wa nyumbani wakubaliane maneno. Katika familia zinazoishi Uingereza, Marekani au Ghuba, si ajabu wazazi kumwamuru mbwa kwa Kiswahili na watoto kwa lugha ya shuleni. Mbwa anaweza kujifunza lugha yoyote, lakini si maneno matatu tofauti kwa tendo moja kabla hajalijua hata moja.

Kunguruma ni onyo

Kosa moja hutajwa na wataalamu kuwa la hatari kuliko mengine: kumpiga mbwa kwa sababu amenguruma.

Mbwa anayenguruma anasema kwamba amefikia kikomo, na anaomba nafasi. Kabla ya hapo huwa ametoa dalili nyingine: amegeuza kichwa, amelamba midomo, amekaza mwili au ameonyesha weupe wa macho. Akipigwa kila anaponguruma, hofu yake haiondoki. Kinachoondoka ni onyo. Siku nyingine, mtoto akimsogelea anapokula, huenda akauma bila ya kutoa sauti.

Panapotokea hali hiyo, jambo la kwanza ni kumwondoa mtoto, kisha kutafuta kilichomwudhi mbwa. Mbwa ambaye tabia yake imebadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa huenda ana maumivu, au ana ugonjwa wenyewe wa kichaa.

Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra mno kupona.

Dini, mila na sheria

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mbwa huhesabiwa kuwa najisi, na kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo wengi hawamfugi ndani ya nyumba.

Lakini unajisi si ruhusa ya ukatili. Aya ya 4 ya sura ya Al-Maida inahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, jambo linaloonyesha kwamba kumfunza mbwa ni kazi ya tangu kale. Na katika hadithi za Mtume imo habari mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Sheria za nchi nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, sura ya 360. Uingereza na Wales zina sheria ya mwaka 2006 inayomfanya mwenye mnyama kuwajibika kwa ustawi wake, na anayemtesa mbwa anaweza kufungwa. Mhamiaji aliyezoea kwamba mbwa wa mtu ni mali yake, amfanyie apendavyo, anaweza kujikuta mahakamani.

Upole si kulegea

Watetezi wa fimbo hukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wanahofia kwamba mbwa asiyepigwa atakuwa mtundu, na kwamba mbwa wa ulinzi aliyebembelezwa hatalinda.

Mafunzo ya upole hayana maana ya kumwachia mbwa afanye atakavyo. Mbwa anayerukia wageni hunyimwa kile anachokitafuta: mgeni humgeuzia mgongo, na humwangalia tu miguu yake yote minne ikiwa chini. Anayeiba jikoni hufungiwa mlango, na chakula hakiachwi mezani. Mipaka ipo, ila hailindwi kwa maumivu.

Kuhusu ulinzi, kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kubweka anaposikia asichokijua, na hilo halifundishwi kwa kipigo. Mbwa anayeuma kila mtu, akiwamo jirani, muuza maziwa na mtoto anayetoka shule, humletea mwenyewe kesi na gharama za hospitali. Mbwa anayebweka mgeni anapofika, kisha akatulia anapoambiwa atulie, humfaa zaidi.

Nchi nyingi pamoja na mashirika ya kimataifa zimejiwekea lengo la kukomesha ifikapo mwaka 2030 vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Chanjo, madaktari na fedha vyote vinahitajika. Lakini sindano haimfikii mbwa ambaye hata mwenyewe hathubutu kumshika, na kazi ya kumzoeza kushikwa huanzia nyumbani, miezi kadhaa kabla ya siku ya chanjo kutangazwa.